Cheo, Alama na Sheria: Maelezo juu ya Rushwa ya Ngono Vyuoni

Katika darasa la itikadi tunaloendesha kila Alhamisi jioni hapa Nyasho, mjini Musoma, tulikuwa tukijadili ahadi za mwanachama, na tulikuwa tumefika kwenye ile inayokataza rushwa kwa mpokeaji na kwa mtoaji pia. Binti mmoja anayesoma katika chuo kimoja cha mkoa huu aliinua mkono akauliza: "Ndugu mkufunzi, kama anayetoa na anayepokea wote ni wakosaji, je, mwanafunzi aliyeambiwa na mwalimu kwamba asipolala naye hatafaulu, naye akakubali kwa hofu, huyo ni mtoaji?" Darasa lilicheka kidogo, kisha likanyamaza. Vijana wawili waliokaa nyuma walijibu kwa haraka kwamba ndiyo, ni mtoaji, tena wengine hujipeleka wenyewe. Tuliona kwamba makada wengi, wala si vijana hao tu, hawana jibu lililonyooka kwa swali hili. Makala hii ni jibu letu kwa yule binti, na kwa wale vijana wawili pia.

Kwanza tueleze rushwa ni nini hasa. Watu wengi wanapolisikia neno hilo wanaona picha ya watu wawili wanaobadilishana: huyu ana fedha, yule ana muhuri, kila mmoja anapata anachotaka, na anayeumia ni mtu wa tatu ambaye hayupo pale. Picha hiyo ni sahihi kwa mfanyabiashara anayemhonga mpimaji ili apewe kiwanja cha mwenzake. Lakini si sahihi kwa mwanafunzi na alama zake. Mwanafunzi aliyesoma, akafanya mtihani, akajibu, anastahili alama zake kama vile mkulima anavyostahili malipo ya pamba aliyokwisha kuipeleka kwenye mizani. Alama hizo si mali ya mwalimu. Mwalimu amekabidhiwa kalamu na umma ili apime na kuandika alichokiona. Akizizuia alama hizo na kudai mwili wa mtu ndipo aziachie, anamwuzia mtu kitu ambacho tayari ni cha mtu huyo. Tendo la namna hiyo ni unyang'anyi, na silaha iliyotumika ni cheo.

Wako watakaosema: je, yule ambaye hakusoma, akaenda mwenyewe kutafuta alama asizostahili? Wapo, hatukatai. Hata hivyo mwalimu ndiye mwenye kalamu, na hakuna mwanafunzi anayeweza kumlazimisha mwalimu aandike "A". Tutairudia hoja hii tutakapoufikia mswada wa 2024.

Sisi wa Mara tuna sababu yetu wenyewe ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma ikatoa Azimio la Musoma juu ya elimu. Vijana wetu wanalikumbuka kwa ajili ya elimu ya msingi kwa watoto wote. Wengi hawajui kwamba Azimio hilohilo lilibadili njia ya kuingia Chuo Kikuu: aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate sifa njema kutoka mahali pake pa kazi na kutoka tawi la Chama, ndipo aombe nafasi. Shabaha ilikuwa nzuri, nayo ni kuvunja kasumba ya usomi unaojitenga na wafanyakazi na wakulima. Lakini matokeo yake ni kwamba mustakabali wa kijana ulikaa katika barua moja, na barua hiyo ilikaa mikononi mwa mkuu mmoja wa kazi. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilishuka, hata ikabidi kabla ya muongo ule kwisha wao waondolewe sharti la kufanya kazi kwanza. Na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likaachwa kwa wote. Sababu za kushuka kule zilikuwa nyingi, na hatusemi kwamba ni hii peke yake. Tunachosema ni kwamba katika mijadala ya wakati ule tuliyosomeshwa sisi chuoni hatukuwahi kusikia swali hili likiulizwa: msichana wa miaka 20 atafanya nini ikiwa mwenye kuandika barua ya sifa anataka kitu kingine? Mwongozo wa 1971 ulikuwa umekwisha kuwakataza viongozi uonevu na dharau. Tuliusoma tukifikiria meneja wa kiwanda anayewafokea wafanyakazi. Hatukumfikiria mwalimu na mwanafunzi wake.

Sheria nayo ilichelewa. Sheria ya Kuzuia Rushwa ya 1971 haikutaja ngono kwa jina lake. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume, katika siku ambazo kikundi cha siri kilichojiita "Punch" kilikuwa kikibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wasichana. Tunakitaja kisa hiki ingawa wakosaji wake hawakuwa walimu, kwa sababu kiliwaamsha wengi. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichokuwa kimeundwa 1987, pamoja na wanasheria wanawake na vikundi vingine, waliendelea kudai sheria mpya kwa miaka kadhaa. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Namba 4 ya mwaka huo, ambayo wananchi wanaiita SOSPA, na masharti yake yakaingizwa katika Kanuni ya Adhabu.

Kada anayetaka kumsaidia mwananchi ni lazima ajue mambo matatu yaliyomo humo. Kwanza, kubaka kunaadhibiwa kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na sheria inamtaja waziwazi mwenye madaraka anayetumia nafasi yake kumbaka mwanamke aliye chini ya mamlaka yake. Pili, kifungu cha 138D kinafanya usumbufu wa kingono kuwa jinai, hata ukiwa wa maneno tu, na kinasema kwamba mwenye madaraka anayemtaka mtu kwa maneno au vitendo ambavyo mtu huyo hakuviridhia, kazini au mahali pengine popote, anatenda kosa hilo. Maneno hayo "mahali pengine popote" yana uzito kwetu. Wanafunzi wengi wa vyuo vya hapa hawalali chuoni. Wamepanga vyumba Nyasho na kata jirani, na mara nyingi usumbufu hautokei darasani bali kwenye simu saa nne usiku, au wakati wa mafunzo ya vitendo ambapo msimamizi anatakiwa kusaini kitabu cha kazi. Hakuna mwalimu anayeweza kujitetea kwamba hayo yalitokea nje ya geti.

La tatu tunalisema kwa uchungu. Adhabu ya kifungu hicho cha 138D ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Fedha hiyo leo haikupi ng'ombe mnadani. Tena kifungu hicho kinasema kwamba lalamiko likitolewa baada ya siku 60 tangu tukio, hakuna kosa la usumbufu. Hebu tulinganishe muda huo na kalenda ya chuo. Mwalimu anamsumbua mwanafunzi mwanzoni mwa muhula. Mwanafunzi anavumilia, anafanya mtihani, matokeo yanatoka baada ya miezi kadhaa, ndipo anapojiona ana "sapu", au amedisko kama wenyewe wanavyosema, na ndipo anapopata hasira na ujasiri wa kusema. Siku 60 zimekwisha zamani. Aliyeandika sharti hilo pengine alitaka kuzuia malalamiko ya uongo ya siku nyingi. Kwa hali halisi ya vyuoni, sharti hilo linamlinda mkosaji mwenye subira.

Kisha ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, Namba 11, ile iliyounda TAKUKURU. Ilitanguliwa na kazi kubwa ya Tume ya Rais ya Kero ya Rushwa, iliyoongozwa na Ndugu Joseph Sinde Warioba, mwenyeji wa mkoa huu wa Mara, ambayo katika taarifa yake ya 1996 ilionyesha jinsi rushwa ilivyopenya katika huduma za umma, elimu ikiwamo. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo ndicho kilichoipa ngono mahali pake katika sheria ya rushwa. Kinamhusu mtu yeyote mwenye madaraka ambaye, katika kuyatumia madaraka hayo, anadai au anashurutisha upendeleo wa kingono kama sharti la kutoa ajira, kupandisha cheo, kutoa haki au nafuu ya namna yoyote. Sheria ilipotungwa iliweka faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote.

Tukitazame kifungu hiki kwa utulivu, kwa sababu wengi wanakisoma vibaya. Kosa linakamilika pale mwenye cheo anapodai. Si lazima tendo lifanyike. Si lazima mwanafunzi akubali. Mwalimu aliyesema, "Njoo tuonane nyumba ya wageni, la sivyo unajua mtihani wangu," amekwisha kutenda kosa kabla mwanafunzi hajajibu neno. Na kifungu kinamtaja mtu mmoja tu kuwa mkosaji, naye ni mwenye madaraka. Mtunga sheria wa 2007 aliona, kwa maoni yetu aliona vizuri, kwamba hapa hakuna mtoaji na mpokeaji. Yuko aliyebeba cheo cha umma na yuko aliyekandamizwa nacho.

Ndipo tunaufikia mwaka 2024. Mswada wa marekebisho ya sheria ulipendekeza kuongeza kwamba yule anayemshawishi mwenye madaraka kwa ngono naye awe mkosaji. Mashirika ya kutetea wanawake na wanasheria wengi waliupinga. Wale vijana wawili wa darasa letu bila shaka wangeunga mkono mswada, nao wana hoja inayostahili kujibiwa: sheria ni lazima iwe sawa kwa wote. Sisi tunajibu kwamba usawa wa sheria haupimwi kwa kuhesabu watu waliokuwa chumbani. Mtu mmoja ana uwezo wa kuandika alama na mwingine hana. Ukiwawekea hao wawili adhabu moja, unampa mwenye uwezo silaha nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo. Atamwambia mwanafunzi: "Nenda kashitaki, nitasema wewe ndiye uliyenitaka, na sote wawili tutafungwa." Ni msichana gani wa mwaka wa kwanza atakayekwenda TAKUKURU baada ya kusikia hivyo? Kesi za rushwa ya ngono husimama juu ya ushahidi wa aliyedaiwa. Mfanye mshitakiwa, na umeufunga mdomo wa shahidi wako pekee. Mwanafunzi anayekwenda kununua alama kwa hiari yake ana makosa ya mitihani, na chuo kina kanuni za kumfukuza. Hilo halihitaji jinai mpya.

Tuseme pia jinsi sheria inavyofanya kazi, au inavyoshindwa. Mwezi Novemba 2018, Rais John Magufuli alipokwenda kufungua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhadhiri mmoja mwanamke wa chuo hichohicho aliandika hadharani mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Aliyeitwa mwanzo kujieleza mbele ya kamati alikuwa yeye. Baadaye TAKUKURU ilifanya utafiti katika chuo hicho na Chuo Kikuu cha Dodoma, taarifa yake ikatoka 2020, na tangu hapo si rahisi kwa mtu kusema kwamba haya ni maneno ya wivu. Lakini ushahidi bado ni tatizo. Kwa rushwa ya fedha mpelelezi huandika namba za noti na kumwekea mtu mtego. Kwa rushwa ya ngono mtego maana yake ni kumtuma binti hadi kwenye chumba, maofisa wakisubiri nje. Tunawaheshimu wapelelezi wetu, lakini njia hiyo inamfanya aliyeumizwa kuwa chambo, na wengi wanaikimbia. Kwa kuwa kosa linakamilika kwa kudai, ujumbe wa simu, sauti iliyorekodiwa, au mtu wa tatu aliyesikia vinaweza kutosha, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo mahakamani. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka huohuo wa 2015. Makada wachache sana tuliowauliza hapa mjini walikuwa wamewahi kuisikia.

Nchi nyingine zimefanya nini? Kenya, katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, iliweka kwa usumbufu wa mwenye madaraka kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 100,000 za kwao. Msomaji aone tofauti: wao waliweka sakafu ambayo hakimu hawezi kushuka chini yake, sisi tuliweka dari. Marekani ilichukua njia nyingine kabisa. Sheria yao ya elimu ya 1972 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu, na mwaka 1977 wanafunzi wa Yale wakaenda mahakamani kudai kwamba chuo kinachokosa utaratibu wa kupokea malalamiko ya usumbufu wa kingono kinabagua. Kesi yao hawakuishinda, lakini vyuo vingi vikaanza kuweka utaratibu huo. Ubepari wa Marekani hatuna haja ya kuusifu. Wazo lenyewe, kwamba chuo nacho kiwajibike pamoja na mwalimu mmoja mmoja, ndilo linalopungua kwetu. Serikali yetu katika miaka ya karibuni imeagiza vyuo viwe na madawati ya jinsia, nayo ni hatua. Lakini dawati linaloongozwa na mwalimu wa idara ileile, katika ofisi ambayo kila apitaye anaona nani ameingia, mwanafunzi hatalikaribia.

Na hapa tunakuja kwenye msingi wa kimaada wa kosa lenyewe. Katika vyuo vingi kiasi cha asilimia 40 ya alama hutokana na kazi za muhula, ambazo mwalimu mmoja huzitoa, huzisahihisha na kuziandika bila mwingine kuziona. Mtihani wa mwisho angalau una mtahini wa nje. Kazi za muhula hazina. Penye kalamu moja isiyokaguliwa, hata mwalimu mwema yuko katika majaribu. Karatasi ziandikwe namba badala ya majina, kazi za muhula zipitiwe na mwalimu wa pili, na mwanafunzi awe na haki ya kuomba karatasi yake isahihishwe upya bila kupitia kwa yuleyule anayemlalamikia. Mambo haya hayahitaji Bunge. Baraza la chuo linaweza kuyapitisha katika kikao kimoja cha asubuhi, likala chakula cha mchana na kwenda nyumbani.

Chama kimetufundisha kujikosoa, basi tujikosoe. Miaka mingi iliyopita, tukiwa wakufunzi vijana katika chuo fulani, mwanafunzi mmoja alitujia akatueleza kwamba mwalimu wa somo jingine alikuwa akimdai hivyo. Tulimsikiliza vizuri. Tukamshauri avumilie, amebakiza muhula mmoja tu, amalize aende zake. Tulidhani tumempa busara ya mkubwa. Sheria ya 2007 ilikuwa tayari ipo, na sisi tulikuwa tukifundisha habari za uonevu ubaoni kila siku. Aliacha chuo kabla ya mtihani. Mwalimu yule alihamishwa mwaka uliofuata kwenda chuo kingine, uhamisho wa kawaida, na tukamfanyia karamu ya kumuaga. Sisi wenyewe tulichangia.

Alhamisi iliyofuata yule binti alirudi darasani. Tulikisoma kifungu cha 25, kisha cha 138D, neno kwa neno, na tulipofika kwenye siku 60 alianza kuhesabu kwa vidole. Darasa lilipokwisha alibaki. Anatukubalia tuyaandike haya bila kutaja chuo. Siku 38 zilikuwa zimepita. Ujumbe wote alikuwa nao kwenye simu, hakuwa amefuta hata mmoja. Kesho yake asubuhi kina mama wawili wa tawi letu walimsindikiza hadi dawati la jinsia na watoto la polisi, na kutoka pale hadi ofisi ya TAKUKURU ya mkoa. Mmoja wa wale vijana wawili wa nyuma alikwenda naye pia, kwa sababu alikuwa amekaa karibu siku mojawapo mwalimu alipopiga simu, na alisikia.